Mpaka Umehamia Kwenye Gishe

Mwezi wa Juni 2022 shirika la ndege la Ryanair liliwapa mtihani abiria wenye pasipoti ya Afrika Kusini. Aliyetaka kusafiri nalo kwenda Uingereza alipewa karatasi ya maswali ya maarifa ya kawaida kuhusu nchi yake, nayo imeandikwa kwa Kiafrikana. Aliyeshindwa kuijibu hakupanda ndege. Alirudishiwa pesa za tiketi, basi. Shirika lilijitetea kwamba pasipoti bandia za Afrika Kusini zimekuwa nyingi na linatafuta njia ya kumtambua mwenye pasipoti ya kweli. Uingereza ilieleza kwamba haikuagiza mtihani huo. Katikati ya mwezi huohuo mtihani ukafutwa, na mkuu wa shirika, Michael O'Leary, mwenyewe akasema haukuwa na maana.

Watu wengi walicheka wakapita. Sisi wa kitivo cha lugha hatuna haki ya kupita haraka hivyo. Wakati ule Afrika Kusini ilikuwa na lugha rasmi 11, na wanaozungumza Kiafrikana nyumbani kwao hawafiki asilimia 14 ya wananchi. Tena ni lugha ambayo wanafunzi wa Soweto waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwayo, wakapigwa risasi. Sasa mtu wa Limpopo mwenye Kivenda chake anaambiwa athibitishe uraia wake kwa lugha hiyohiyo. Ni kama mtu wa Kindu aambiwe ataje mlima mrefu kuliko yote ya Kongo kwa Kitshiluba, na akishindwa aambiwe kwamba yeye si Mkongomani.

Wanaisimu wamekwisha kulionya jambo la namna hii. Nchi kadhaa za Ulaya hutumia uchambuzi wa lugha kuamua mwomba hifadhi ametoka wapi, na mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo likisema wazi kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipokulia na watu aliokulia kati yao, lakini haionyeshi uraia. Sisi hatuhitaji mwongozo kulijua hilo. Kiswahili chetu kinavuka mto, kinavuka ziwa, kinavuka mipaka minne au mitano bila kuonyesha karatasi kwa mtu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kilichofanywa na Ryanair kwa uwazi, mpaka kikawa kichekesho, kinafanyika kila siku kimyakimya katika viwanja vya ndege ambavyo watu wetu wanapita. Abiria anapozuiwa kupanda ndege kwa sababu ya viza au makaratasi, kilichotokea ni tendo la kusoma: mtu fulani amesoma pasipoti, amesoma tiketi, amesoma kanuni kwenye kompyuta, akafasiri, akahukumu. Amefanya hivyo kwa haraka, watu wamejipanga nyuma, kwa lugha ambayo mara nyingi si yake wala si ya abiria. Na hukumu yake haina rufaa pale pale, maana ndege haingoji.

Kwa nini mfanyakazi wa shirika la ndege, ambaye si askari wala si mtu wa uhamiaji, anapewa kazi hiyo? Chanzo ni faini. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kiambatisho chake cha 9, unataka mashirika yahakikishe kwamba abiria ana makaratasi ya kuingilia nchi anakokwenda, na abiria akikataliwa huko, shirika ndilo linalopaswa kumwondoa. Juu ya hapo nchi tajiri zimeongeza adhabu. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1987, na faini ikafika pauni 2,000 kwa kila mtu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2001, ulizitaka nchi wanachama zitoze faini nzito: nchi ikichagua kuweka kiwango cha chini kabisa, kisipungue yuro 3,000 kwa kila abiria, ikichagua kuweka kilele, kisiwe chini ya yuro 5,000. Hakuna tiketi ya kawaida inayoliachia shirika faida ya kiasi hicho.

Piga hesabu sasa kwa upande wa yule kijana wa gishe. Akimpakia asiyestahili, kampuni inalipa, na jina lake linajulikana. Akimwacha anayestahili, nani atamdai? Mwenye kuachwa anarudi nyumbani na sanduku lake. Mizani imepinda tangu mwanzo, na mtu yeyote mwenye akili akisimama mahali pale, akiwa na shaka kidogo, atasema hapana. Simlaumu sana. Nawalaumu waliouhamisha mpaka wao, wakautoa Brussels na London, wakauweka juu ya meza ya mtu asiyefundishwa sheria, kisha wakasema kwamba hawajamfukuza mtu yeyote. Mkimbizi ambaye sheria ya kimataifa ingemlinda kama angefika, hafiki, kwa hiyo hahesabiwi. Ndiyo sababu mtu wa mashariki ya Kongo anayekimbia vita anaweza kulipa pesa nyingi kuliko bei ya tiketi apite jangwani na baharini.

Kijana huyo anasoma nini? Kwa sehemu kubwa anasoma Timatic, hazina ya kanuni za viza na afya inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, tangu mwaka 1963. Ni chombo chenye manufaa, na bila hicho mambo yangekuwa mabaya zaidi. Lakini ni Kiingereza cha kifupi, cha masharti na vighairi: isipokuwa hivi, kama vile, endapo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa anafundishwa kwamba kati ya "anaweza kuombwa aonyeshe" na "lazima aonyeshe" kuna umbali mkubwa. Kwenye gishe umbali huo hupotea. Abiria anaulizwa tiketi ya kurudia, barua ya mwenyeji, pesa mfukoni, na kila "huenda" inageuka kuwa "lazima".

Chukueni mfano unaotuhusu moja kwa moja. Kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza hata kama wanapita tu ndani ya uwanja wa ndege wa Ulaya kubadilisha ndege, bila kutoka nje. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha hiyo, pamoja na Ethiopia, Somalia, Eritrea, Nijeria, Ghana na nyingine. Kwa hiyo Mkongomani anayekwenda Kanada kupitia Brussels anaweza kukuta viza ya Brussels inaulizwa. Lakini kanuni ileile, katika ibara ya 3, ina vighairi. Mwenye viza halali ya Marekani, ya Kanada au ya Japani, kwa mfano, hahitaji viza hiyo ya kupita. Kighairi ni sentensi moja tu. Msomaji aliyeiona orodha na asiyefika kwenye sentensi hiyo atamrudisha mwanafunzi mwenye haki zake zote, naye mwanafunzi, kama hajawahi kuisoma, hatakuwa na la kujibu. Na kuna kinyume chake pia: mtu anayebadilisha ndege mara mbili ndani ya Ulaya, tuseme Brussels kisha Frankfurt, viza ya kupita uwanjani haimtoshi, maana kati ya viwanja hivyo viwili tayari ameingia eneo la Schengen. Anayemuuzia tiketi ya namna hiyo bila kumwambia, amemuuzia hasara.

Lakini mahali ambapo kitivo chetu kina neno la kusema kuliko wengine wote ni katika majina.

Sisi Wakongomani tuna majina matatu. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia asili, Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakajiongezea jina jingine la kienyeji, ndilo tunaloliita postnom mpaka leo. Majina ya ubatizo yaliporudi, postnom halikuondoka. Basi tuna jina, tuna postnom, tuna prénom. Tiketi ya ndege ina nafasi mbili: jina la ukoo na jina la mtu. Anayeuza tiketi analazimika kuamua: postnom liende upande gani? Mmoja analiunganisha na jina la kwanza, mwingine analiunganisha na prénom, wa tatu analiacha kabisa. Gishe ya mbali inapolinganisha tiketi na pasipoti, inaona watu wawili.

Ongeza hapo kwamba kwetu mtoto hachukui lazima jina la baba. Anaitwa jina la babu, la shangazi aliyefariki, la rafiki aliyemsaidia mama siku ya kujifungua. Ndani ya nyumba moja mtakuta watoto sita wenye majina ya ukoo sita. Ni utajiri, ni historia ya jamaa iliyoandikwa katika watu. Lakini baba akisafiri na binti yake, mbele ya mtu aliyezoea kwamba jamaa moja ni jina moja, anaonekana kama mwizi wa mtoto.

Na tahajia! Maniema ni nchi ya kina Hamisi, Juma, Ramadhani na Shabani, majina yaliyokuja na misafara kutoka pwani mpaka Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Karani wa wakati wa Wabelgiji aliyaandika kwa sikio la Kifaransa: Djuma, Chabani, Saïdi. Sisi wenyewe tuliyatamka kwa ulimi wetu, ambao haupendi sana "h" ya mwanzo na unaibadili "dh" kuwa "z": Amisi, Ramazani. Hayo si makosa, ni fonolojia ya Kiswahili chetu, na walimu wetu wanaifundisha darasani. Ila mtu mmoja anaweza kuwa Hamisi katika cheti cha kuzaliwa, Amisi katika diploma ya serikali na Hamissi katika kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo ya mpiga kura ndiyo iliyotumika miaka mingi mahali pa kitambulisho cha taifa. Pasipoti inatengenezwa juu ya mojawapo ya karatasi hizo, viza inafuata pasipoti, lakini tiketi inanunuliwa na shemeji aliye Lubumbashi kwa simu, akiandika alivyosikia.

Mjomba wangu, mfanyabiashara wa hapa Kindu, alizuiwa Kinshasa akiwa safarini kwenda kununua bidhaa ng'ambo. Viza alikuwa nayo, chanjo ya homa ya manjano alikuwa nayo, pesa alikuwa nazo. Tiketi ilikuwa na "s" moja, pasipoti ilikuwa na mbili, na postnom halikuonekana. Alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Lingala, akaeleza kwa Kifaransa cha shida. Aliambiwa "mfumo umekataa". Hakupewa karatasi yoyote. Alipoomba kurudishiwa pesa, aliyemuuzia tiketi alimtaka athibitishe kwamba alizuiwa, na uthibitisho ndio huo aliokuwa hana. Deni la safari ile lililipwa kwa mafuta ya mawese kwa muda wa mwaka na zaidi.

Kwa mtu wa Kindu hasara hii ina kima kingine kuliko kwa mtu wa Kinshasa. Viza za Ulaya zinaombwa Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na barabara ya kutufikisha huko hatuna. Ni ndege, pamoja na Go-Pass yake. Pasipoti yenyewe, kuanzia mwaka 2015, iliuzwa dola 185, na baadaye ikashuka hadi dola 99. Mwaka 2018 serikali yetu ilipogombana na Ubelgiji, Maison Schengen ya Kinshasa ilifungwa, na waombaji wakabaki njiani kwa ugomvi usio wao. Mtu anayefika gishe akiwa na viza mkononi amekwisha kupita milango kumi. Kumrudisha kwenye mlango wa kumi na moja, kwa neno la mdomo, ni jambo zito sana kuliko anavyofikiri yule anayemrudisha.

Najua jibu. Makaratasi bandia yapo. Hata hapa mjini kila mtu anamjua mtu anayemjua anayeyatengeneza. Shirika la ndege ni biashara, haliwezi kumpakia kila mtu kwa huruma kisha lilipe yuro elfu tatu. Nakubali. Sisemi kwamba gishe isikague. Nasema kwamba mwenye kukataa aandike. Aandike sababu, kanuni aliyoitumia, saa na tarehe, kwa lugha ambayo abiria anaisoma, na ampe. Anayekataa kwa haki hapotezi chochote kwa kuandika. Anayekataa kwa kukisia ndiye ambaye kalamu itamfanya asome mara ya pili.

Na sheria, ajabu yake, iko karibu na hapo kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 30 Aprili 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria mmoja raia wa Kazakhstan aliyezuiwa na shirika la Blue Air huko Larnaca, Kipro, asipande ndege ya Bukarest kwa madai kwamba hana viza ya Rumania. Alikuwa na kibali cha kukaa Kipro, na sheria ya Ulaya iliruhusu kibali hicho kitambuliwe. Mahakama ilisema kwamba shirika likiona makaratasi hayatoshi, kuona huko peke yake hakumwondolei abiria haki zake: anaweza kupinga, na jaji ndiye atakayepima kama kweli yalikuwa na kasoro. Ilisema pia kwamba shirika haliwezi kujificha nyuma ya mamlaka ya nchi nyingine kama mamlaka hiyo haikutoa uamuzi wa maandishi wenye sababu na kumjulisha abiria. Wala shirika haliwezi kuweka katika masharti ya tiketi kifungu cha kujivua jukumu hilo.

Kanuni iliyotumika, ile ya namba 261 ya mwaka 2004, haiishii Ulaya. Inagusa pia ndege inayoondoka nje kwenda Ulaya, ikiwa shirika ni la Ulaya. Yaani Mkongomani aliyezuiwa N'djili na shirika la Ulaya bila sababu ya haki yumo ndani yake, na kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia inayotajwa ni yuro 600, mbali na pesa ya tiketi. Wangapi hapa Maniema wanaijua? Mimi mwenyewe niliisoma kwa Kifaransa, nikatafuta kwa Kiswahili, sikupata hata ukurasa mmoja.

Tusitupe mawe Ulaya peke yake. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kusafiri huru barani mwezi wa Januari 2018. Inahitaji nchi 15 ziithibitishe, na idadi hiyo haijafikiwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uliofuata Kenya ikawaondolea Wakongomani viza. Ni furaha. Lakini kanuni inapobadilika Nairobi, habari inachukua muda gani kufika kwa muuza tiketi wa Kisangani au wa Goma, na inafika kwa lugha gani? Jumuiya yenye Kiswahili kama lugha ya watu wake inatangaza masharti ya kusafiri kwa Kiingereza, na sisi huku tunasubiri mtu atufasirie kwa Kifaransa. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa zinazopaswa kukuzwa na dola. Sijui tukikuze kwa ajili ya nini kama si kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya gishe.

Ndiyo maana napendekeza kazi, na napendekeza ifanyike hapa. Kila mwaka wanafunzi wa tafsiri wanafasiri vipande vya riwaya ambavyo hakuna atakayevisoma tena baada ya mtihani. Mwaka mmoja tu, wapewe ibara ya 3 ya kanuni ya viza, hukumu ya 2020 na haki za abiria, wazitoe kwa Kiswahili kinachosomeka sokoni, na jarida hili lizichapishe. Waandike pia barua fupi ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili na Kifaransa, ambayo abiria aliyezuiwa anaweza kuitoa mfukoni na kumwomba mfanyakazi aijaze: jina la safari, sababu ya kukataliwa, kanuni, sahihi. Mfanyakazi anaweza kukataa kuijaza. Basi hapo abiria aandike mwenyewe saa ile ile, na shahidi aliye jirani yake kwenye mstari aweke sahihi.

Upande wa majina kazi ni kubwa zaidi, na inawahitaji walimu wa fonolojia na wa onomastiki. Ofisi za uraia zinaandika kila jina kwa kusikia, na hakuna orodha ya kuwaongoza. Kitivo kinaweza kutengeneza orodha hiyo kwa ajili ya Maniema: kila jina, sura zake zote zinazojulikana, na tamko la kitaalamu kwamba sura hizo ni jina moja. Karatasi ya namna hiyo, yenye muhuri wa chuo kikuu, haitamshinda kila mtu wa gishe, lakini wakili ataweza kuitumia, na karani wa uraia ataweza kuibandika ukutani. Tukianza na Hamisi peke yake, na Amisi, na Hamissi, na Amici niliyemkuta katika daftari la zamani la shule, muhula wa kwanza tayari umejaa.